Kama pengo la anga ni tupu, kilichomo kinapimwaje?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, hapa Kilindini. Kwenye kundi letu la WhatsApp imezunguka picha ya doa jeusi katikati ya nyota. Imeandikwa kwamba hilo ni pengo la Boötes, upana wake miaka ya nuru milioni 330, na ndani hamna kitu. Mwenzangu ofisini anasema hao wataalamu wanabahatisha tu: hawajafika, hawatafika, na pasipo na kitu hakuna cha kupima. Nimeshindwa kumjibu. Wanapimaje kilichomo? Na ile maada giza, nayo haimo? – Msomaji, Changamwe.

JIBU: Marahaba mwanangu. Tuiondoe kwanza hiyo picha, maana si ya Boötes. Hiyo ni Barnard 68, wingu la gesi baridi na vumbi lililomo humu humu ndani ya galaksi yetu, miaka ya nuru mia chache tu kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), na upana wake ni kama nusu ya mwaka mmoja wa nuru. Ilipigwa kwa darubini kubwa ya nchi za Ulaya iliyoko Chile. Weusi wake ni vumbi linaloziba nyota za nyuma. Ukipiga picha palepale kwa mwanga wa infraredi, nyota zote zinajitokeza. Yaani watu wanasambaza picha ya mahali palipojaa vumbi na gesi kama ushahidi wa utupu. Kila mwaka inarudi, na kila mwaka naletewa.

Pengo lenyewe halina weusi wowote wa kuonekana. Ukitaka kujua liko upande gani, subiri mwezi wa Juni, saa tatu usiku, mawingu yakikuruhusu. Simama penye giza kidogo, ufukweni Shanzu kwa mfano, na ugeukie kaskazini. Juu sana utaona nyota kali ya rangi ya machungwa. Hiyo ni Simaki, nyota kuu ya kundi la Bakari, ambalo ramani za kimataifa huliita Boötes. Teremsha macho kutoka hapo mpaka kiasi cha nyuzi 40 juu ya upeo. Kitovu cha pengo kipo hapo. Utaona nyota za kawaida, zote za galaksi yetu, na mwenye darubini kubwa ataona galaksi zilizo mbele ya pengo na nyingine zilizo nyuma yake. Hakuna doa, kwa sababu pengo liko kwenye kina cha anga, na kina hakionekani kwa macho. Mpaka upime umbali wa galaksi moja moja ndipo unagundua kwamba kuna masafa marefu ambayo karibu hakuna galaksi iliyotokea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1981. Robert Kirshner, Augustus Oemler, Paul Schechter na Stephen Shectman walikuwa wakipima kasi za galaksi katika sehemu chache za anga upande huo wa kaskazini. Galaksi zikatokea zenye kasi ya chini ya kilomita 12,000 kwa sekunde, zikatokea na zenye kasi ya zaidi ya 18,000. Katikati, karibu hamna.

Kasi inasomwaje? Haidrojeni iliyochemka ndani ya galaksi hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3, namba hiyo ni ileile ukiipima maabara ya shule au ukiipima kwenye Jua. Ukiikuta kwenye galaksi fulani imesogea mpaka 689.1, imeongezeka kwa asilimia 5. Kwa hiyo galaksi hiyo inatukimbia kwa takriban asilimia 5 ya kasi ya mwanga, yaani kilomita 15,000 kwa sekunde. Kwa kuwa ulimwengu unapanuka, kasi hiyo ni kipimo cha umbali: kama miaka ya nuru milioni 700. Hapo ndipo kitovu cha pengo la Bakari. Hakuna aliyebahatisha, ni mistari ya mwanga na rula.

Wala Kirshner na wenzake hawakuwa wa kwanza kuona mapengo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi la Jaan Einasto kule Estonia lilishaanza kusema kwamba galaksi zimejipanga kwenye nyuzi na kuta zinazozunguka maeneo matupu, na Marekani Stephen Gregory na Laird Thompson walichapisha jambo kama hilo mwaka 1978. Kilichowashtua watu kuhusu Bakari ni ukubwa wake. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra wakatoa ramani ya kipande cha anga, na humo mapengo yakawa kila mahali. Leo tunajua kwamba mapengo ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya ujazo wa ulimwengu. Galaksi ziko pembezoni mwake.

Sasa tufike kwenye swali lako. Ndani ya pengo la Bakari, baada ya miaka mingi ya kutafuta, zimepatikana galaksi kama 60. Kwa ujazo ule hizo ni chache mno. Lakini tahadhari: kuhesabu galaksi si kupima maada. Galaksi huzaliwa pale ambapo maada imejikusanya kiasi cha kutosha kuinasa gesi, kuipoza na kuigeuza nyota. Kwenye eneo lenye upungufu, mkusanyiko huo unachelewa au haufiki kabisa, na vijikundi vidogo vya maada giza, ile isiyoonekana, vinaweza kubaki bila nyota hata moja. Kwa hiyo upungufu wa galaksi huwa mkubwa kuliko upungufu wa maada. Anayehesabu galaksi peke yake atadhani pengo ni tupu kuliko lilivyo.

Ni tupu kiasi gani basi? Chukua kipimo unachokijua kuliko mimi: kontena la futi 20, lenye nafasi ya ndani ya mita za ujazo 33 hivi. Likiwa limefunguliwa tu hapo yadi, halina mzigo, bado lina hewa yenye molekuli ambazo idadi yake huandikwa kwa tarakimu 27. Ukilipeleka mahali penye wastani wa ulimwengu wote, litakuwa na atomu kama nane za haidrojeni. Ndani ya pengo kubwa, ambako msongamano huwa kama sehemu moja ya tano ya wastani au hata chini ya hapo, litakuwa na atomu moja au mbili.

Ukisimamia hapo utampa mwenzako ushindi. Lakini zidisha kwa ujazo. Tuseme pengo la Bakari lina umbo la mpira, upana miaka ya nuru milioni 330, na msongamano wa sehemu moja ya tano ya wastani, pamoja na maada giza. Jumla inatoka karibu na uzito wa Jua trilioni 4,000. Galaksi yetu yote, pamoja na maada giza yake, ni kama Jua trilioni moja. Kwa hesabu hiyo pengo lisilo na kitu lina maada ya kutosha galaksi elfu nne za ukubwa wa yetu. Kundi la Coma, lenye galaksi zaidi ya elfu moja zilizosongamana, ambalo kila kitabu hulitaja kama mfano wa uzito mkubwa, ni jepesi kuliko pengo hili! Nimezungusha namba, lakini hata ukikosea mara mbili picha haibadiliki. Mapengo yana kitu, tena kingi. Kimetawanyika tu.

Na hapa lile la maada giza. Imo, na ndiyo nyingi kuliko zote. Katika ulimwengu kwa jumla, kwenye kila kilo sita za maada, tano hivi ni maada giza na moja ndiyo ya kawaida, na hakuna sababu ya kudhani kwamba mapengo yamekwepa uwiano huo kwa kiasi kikubwa. Kilichokosekana humo ni mikusanyiko mikubwa. Maada giza haiwaki, haizibi mwanga, kwa hiyo lazima ipimwe kwa jambo moja inalolifanya: kuvuta.

Tuanze na mwendo, kwa sababu ni ufundi wa zamani. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alizipima kasi za galaksi za kundi la Coma, akaona zinakwenda mbio mno kuliko inavyoweza kuelezwa na nyota zinazoonekana, akasema pana maada ya ziada isiyoonekana. Kwa pengo ni hesabu hiyohiyo iliyopinduliwa. Galaksi iliyo ukingoni inavutwa pande zote mbili. Upande wa nje kuna ukuta wenye maada nyingi, upande wa ndani kuna kidogo. Wa nje unashinda, na galaksi inasogea kulikimbia pengo. Wako wanaoandika kwamba pengo “linasukuma”. Hakuna msukumo wowote, ni mvutano wa upande mmoja tu uliopungua. Kadiri pengo linavyozidi kuwa tupu na kubwa, ndivyo galaksi za ukingoni zinavyokimbia. Pima mwendo, upate upungufu.

Mfano tunaishi nao. Galaksi yetu iko ukingoni mwa pengo liitwalo Pengo la Jirani, ambalo Brent Tully na Richard Fisher walilionesha kwenye ramani zao za mwaka 1987. Mwaka 2008 Tully na wenzake walikokotoa kwamba sisi na galaksi jirani zetu tunalikimbia kwa karibu kilomita 260 kwa sekunde. Mwendo mkubwa namna hiyo haupatikani kwa upungufu mdogo. Ndipo wakahitimisha kwamba pengo hilo lazima liwe kubwa na tupu sana, upana usiopungua miaka ya nuru milioni 150. Angalia mpangilio wa hoja: hawakuchungulia ndani, walipima sisi tunavyokwenda.

Kwa mapengo ya mbali kupima galaksi moja moja hivyo haiwezekani, kwa sababu kasi tunayoisoma kwenye mwanga ni mchanganyiko wa upanukaji wa ulimwengu na mwendo wa galaksi yenyewe, na kuvitenga kunahitaji umbali uliopimwa kwa njia nyingine. Wataalamu wakatafuta ujanja, na mimi huu ujanja naupenda. Pengo moja linaweza kuwa na umbo lolote: limebonyea, limepinda, lina pembe. Lakini ukichukua mapengo elfu kadhaa na kuyapandanisha kitovu kwa kitovu, wastani wake lazima uwe mpira kamili, kwa sababu ulimwengu hauna habari Dunia iko upande gani. Sasa, kwenye ramani iliyochorwa kwa kasi, galaksi za ukuta wa mbali zinalikimbia pengo kwa kwenda mbali nasi, kwa hiyo zinaonekana ziko mbali zaidi kuliko zilivyo. Za ukuta wa karibu zinasogea upande wetu, kwa hiyo zinaonekana karibu zaidi. Mpira unarefuka kwenye mstari wa kututazama. Kipimo cha urefukaji huo ndicho kipimo cha mtiririko wa maada kutoka ndani, na mtiririko unakupa upungufu. Kuna tatizo moja la kuchosha: ukikosea historia ya upanukaji wa ulimwengu, mpira utapotoka pia kwa sababu hiyo, kama Charles Alcock na Bohdan Paczyński walivyoeleza mwaka 1979. Athari zote mbili zinakokotolewa kwa pamoja, na kila moja ina alama yake tofauti kidogo.

Njia ambayo mimi naiamini kuliko zote ni ya mwanga kupinda. Maada hupindisha njia ya mwanga. Hilo ni la Einstein, na lilithibitishwa kwenye kupatwa kwa Jua mwaka 1919. Kundi zito la galaksi hufanya kazi ya lenzi mbinuko: mwanga wa galaksi za nyuma unakusanywa, na maumbo yake yanavutwa kulizunguka kundi. Pengo hufanya kazi ya lenzi mbonyeo. Mwanga unatawanywa kwenda nje, picha za nyuma zinakuwa ndogo kidogo na hafifu kidogo, na maumbo yake yanarefuka yakielekea kitovu. Uzuri wake ni kwamba mwanga haujali kama maada inawaka au haiwaki, kama ni giza au ya kawaida. Kila chenye uzito kinahesabika.

Ubaya ni kwamba alama yenyewe ni ndogo mno. Umbo la galaksi moja linabadilika kwa chini ya sehemu moja kwa elfu, wakati galaksi zenyewe kwa maumbile tayari ni ndefu au za duara kwa tofauti kubwa kuliko hiyo mara mamia. Kwa pengo moja huoni chochote. Ndiyo maana hata hapa yanapandanishwa maelfu ya mapengo, na nyuma yake maumbo ya mamilioni ya galaksi, mpaka makosa yanafutana na mwelekeo mdogo wa pamoja unabaki. Vipimo vya kwanza vya namna hii vilichapishwa mwaka 2014 na 2015 kwa data ya Sloan, darubini ya mita 2.5 iliyoko New Mexico. Baadaye uchunguzi wa Dark Energy Survey, kwa darubini iliyoko Chile, ukaona alama hiyohiyo. Kwa hiyo mwambie mwenzako hivi: akisema uzito wa pengo moja peke yake haujulikani vizuri, yuko karibu na ukweli. Akisema hivyo kuhusu wastani wa maelfu, hana hoja.

Kuna jambo moja ambalo makala nyingi hulipita. Lenzi haitupi uzito wa pengo. Inatupa tofauti kati ya pengo na wastani wa ulimwengu, yaani pungufu. Ule wastani wenyewe hutoka kwingine, hasa kwenye mnururisho wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, ambao chombo cha Planck kiliupima. Matokeo yake ya mwaka 2018 yanasema maada zote kwa pamoja ni kama asilimia 31.5 ya nishati yote iliyopo. Wastani ukijulikana na pungufu ikijulikana, unatoa, unapata kilichobaki. Vipimo viwili, na kosa la kimoja linaingia kwenye jibu.

Maada ya kawaida ina njia zake. Kwenye makundi mazito gesi ina joto la mamilioni ya nyuzi na hung’aa kwa eksirei. Chombo cha kwanza kilichoichora anga yote kwa eksirei, na kikaiona gesi hiyo, ni Uhuru, kilichorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Ndiyo, hapa juu tu, siku ya Jamhuri. Kwenye mapengo eksirei haisaidii, gesi ni nyembamba na haina joto la kiasi hicho. Badala yake unatafuta kwasa, yaani kiini cha galaksi kinachowaka vikali mno, kilicho nyuma ya pengo, na unaangalia mwanga wake umekatwa wapi. Haidrojeni hunyonya mwanga wa nanomita 121.6. Kila wingu jembamba njiani linakata mstari wake kwenye kasi yake, na mistari mingine imekutwa kwenye kasi zinazoangukia katikati ya mapengo. Kwa mapengo ya karibu kazi hiyo ilihitaji darubini ya Hubble, kwa sababu mwanga wa aina hiyo unazuiwa na hewa yetu. Kasoro yake: haidrojeni iliyovunjika kabisa, yaani iliyopoteza elektroni yake, ambayo ndiyo nyingi, hainyonyi kitu. Hiyo hukamatwa na miale mifupi ya redio kutoka galaksi za mbali, ambayo mawimbi yake yenye mitetemo michache kwa sekunde huchelewa zaidi kila yanapopita kwenye elektroni. Mwaka 2020 Jean-Pierre Macquart na wenzake walitumia ucheleweshaji huo, kwa darubini ya redio ya Australia, wakaonesha kwamba maada ya kawaida iliyokuwa haijulikani iko wapi imetawanyika kati ya galaksi. Ni jumla ya njia nzima, haitengi pengo na ukuta, lakini hesabu ilifunga.

Njia ya mwisho ningeiweka kando kwa sasa. Mnururisho wa kale ukipita kwenye pengo kubwa huku nishati giza, ile inayoharakisha upanukaji, ikiendelea kuutanua ulimwengu, hutoka umepoteza nishati kidogo sana. Mwaka 2008 Benjamin Granett na wenzake walipanga mapengo makubwa 50 na makundi makubwa 50, wakapata tofauti ya joto ya kama sehemu kumi za milioni za kelvini. Shida ni kwamba imetoka kubwa kuliko nadharia ilivyotabiri, na wanaoirudia bado hawakubaliani kama ni bahati ya takwimu au kuna jambo.

Kinachofanya watu watumie fedha nyingi kwenye mapengo leo ni kwamba humo maada imepungua kiasi kwamba vitu vingine vinapata sauti. Nishati giza, inayodhaniwa kuwa sawa kila mahali, ndiyo inayotawala. Neutrino, chembe nyepesi ambazo hazinaswi kirahisi kwenye mikusanyiko, zinabaki humo kwa uwiano mkubwa kuliko kwenye kuta, na uzito wao ambao maabara bado haijaupata unabadilisha kidogo ukubwa na kina cha mapengo. Chombo cha Euclid kilichorushwa Julai 2023 kinapima maumbo ya galaksi kwa ajili ya lenzi, na DESI huko Arizona, yenye roboti 5,000 za kuelekeza nyuzi za mwanga, inapima kasi za mamilioni ya galaksi. Tutakuwa na lenzi na mwendo kwa mapengo mengi yaleyale, na hapo vipimo viwili visivyotegemeana vitalazimika kutoa pungufu moja.